Thomas Jefferson, raisi ambaye kichwa kilimfungia gizani

Mwezi wa tatu mwaka 1807, Marekani ilikuwa na raisi ambaye mchana hakuonekana. Kila siku kichwa kilianza kuuma asubuhi, na Thomas Jefferson alijifungia katika chumba chenye giza mpaka usiku. Alibakiwa na muda mdogo tu wa asubuhi kwa kusoma, kuandika ao kufikiri. Iliendelea hivyo karibu majuma matatu. Mwanzo wa mwezi uleule, tarehe 2, alikuwa ametia sahihi sheria ya kukataza kuingiza watumwa wapya katika inchi.

Haikuwa mara ya kwanza. Jefferson alizaliwa 1743 huko Virginia, katika familia ya mashamba makubwa na watumwa. Akiwa na miaka 20 alimwandikia rafiki yake kwamba kichwa kinamsumbua sana. Siku zile msichana aliyempenda alikuwa anaolewa na mwanaume mwengine. Mwezi wa tatu 1776 mama yake akafa. Kichwa kikamlaza kwa majuma, akachelewa kurudi Philadelphia, ambako wajumbe walikuwa wanazungumzia uhuru. Alifika tarehe 14 mwezi wa tano, kisha akaandika Tangazo la Uhuru, lililokubaliwa tarehe 4 mwezi wa saba. Kama kichwa kingemshika mwezi mwengine tena, pengine kazi ile ingefanywa na mtu mwengine.

Mwaka 1790 alianza kazi ya uwaziri wa mambo ya inchi za nje chini ya Raisi George Washington. Hata miezi miwili haikuisha kazini, kichwa kikarudi na kukaa karibu majuma sita. Alikunywa ganda la mti wa kinkina, mti uleule unaolimwa Kivu kwa kutengeneza kinini. Lakini kinini ni dawa ya malaria. Kosa hilo bado linaishi kwetu: kichwa kikiuma, wengi wanameza dawa ya malaria bila kupimwa damu.

Waganga waliosoma barua zake hawakubaliani wote. Wengi wanasema ilikuwa migreni, ile ambayo wengine wanaita kipandauso; kuna wanaosema ni aina ingine ya maumivu ya kichwa. Migreni ya kawaida inachukua masaa machache mpaka siku tatu. Mara nyingi inapiga upande mmoja wa kichwa, sawa ngoma, inaleta kichefuchefu, na mgonjwa havumilii mwangaza wala makelele. Ikimshika mtu siku 15 ao zaidi kwa mwezi, miezi zaidi ya mitatu, njo inaitwa sugu.

Si ugonjwa wa watu wachache. Duniani watu zaidi ya miliari moja wanayo, na wamama wanaipata karibu mara mbili kuliko wanaume, zaidi sana katika miaka yao ya kazi. Katika hesabu za dunia nzima za mwaka 2016, migreni ilikuwa ya pili kati ya magonjwa yanayowanyima watu nguvu ya kuishi na kufanya kazi. Haiachi kidonda wala homa, kwa hiyo jirani anafikiri ni uvivu. Na anayemeza dawa ya maumivu karibu kila siku anaweza kuongeza kichwa badala ya kukituliza. Munganga anapashwa kujua hesabu ya vidonge anavyomeza.

Jefferson alikuwa na chumba, na mlango wa kufunga. Katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Kati ya watu wengi hivyo hawakukosa wenye migreni, na wao walienda shambani chini ya jua. Barua zake zimehifadhiwa. Kichwa chao hakuna aliyekiandika. Mama muuza samaki wa leo yuko karibu na wao kuliko na raisi: akifunga meza siku tatu, watoto hawali.

Mwezi wa tatu 1809 Jefferson aliacha uraisi, akarudi nyumbani kwake Monticello. Vile vichwa vya majuma mengi vikamwacha. Alipanda farasi, akalima bustani, akaanzisha chuo kikuu cha Virginia. Alikufa tarehe 4 mwezi wa saba 1826, akiwa na miaka 83.