Jonathan Swift na Gulliver: Maisha ya Mtunzi na Hatima ya Kitabu Chake

Jina la Gulliver linajulikana na watu wengi kuliko jina la aliyemuumba. Hata mtoto aliyeona katuni tu humkumbuka jitu yule aliyezinduka ufuoni akiwa amefungwa kamba na watu wasiotimiza inchi 6 kwa kimo. Ni nadra, hata hivyo, mtoto huyo amjue Jonathan Swift, kasisi wa Dublin aliyemtunga. Makala haya yanakusudia kuyasimulia kwa ufupi maisha ya Swift, kisha kuzilinganisha baadhi ya sura ambazo kitabu chake kimevishwa, ikiwamo ya Kiswahili. Swali linalouongoza ulinganishi huu ni moja: kitabu kinapohamishwa kutoka lugha hadi lugha, au kutoka ukurasa hadi skrini, ni kitu gani kisichofaa kuachwa nyuma?

Swift alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 30 Novemba 1667. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na gharama za masomo yake zilibebwa na ami yake. Alisoma Kilkenny, kisha akajiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, alikohitimu mwaka 1686 bila sifa kubwa. Ghasia za kisiasa zilimfanya ahamie Uingereza mwaka 1689, akawa katibu wa Sir William Temple, mwanadiplomasia aliyestaafu. Katika nyumba hiyo alipata mambo mawili yaliyomjenga: maktaba, na urafiki wa Esther Johnson, aliyekuwa bado mtoto, ambaye baadaye alimwita Stella. Hadi leo wataalamu hawajaafikiana kama wawili hao walifunga ndoa ya siri.

Baada ya kupata daraja la ukasisi, Swift aligawanya maisha yake kati ya madhabahu na siasa. Kati ya mwaka 1710 na 1714 kalamu yake ilikuwa silaha ya serikali ya chama cha Tory jijini London. Alitumaini kutunukiwa cheo kikubwa cha kanisa nchini Uingereza. Badala yake, mwaka 1713 alipewa ukuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, Dublin. Malkia Anne alipofariki mwaka 1714, chama chake kilianguka na Swift akarudi Ireland kama mtu aliyehamishwa kwa adhabu.

Adhabu hiyo ndiyo iliyomfanya awe mwandishi tunayemkumbuka. Ireland ilitawaliwa kwa manufaa ya Uingereza, na Swift aliuona umaskini wake mitaani kila siku. Mwaka 1724 alichapisha nyaraka kwa jina la kubuni la mwenye duka la vitambaa, akiwahimiza watu wazikatae sarafu za shaba ambazo William Wood alikuwa amepewa kibali cha kuzitengeneza. Serikali iliahidi zawadi ya pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Mji mzima ulimjua, wala hakuna aliyemtaja, na mwaka 1725 kibali hicho kilifutwa. Ni haki kukumbuka kwamba Swift mwenyewe alitoka katika tabaka la Waprotestanti wenye asili ya Kiingereza lililowakandamiza Wakatoliki waliokuwa wengi. Utetezi wake, kwa hivyo, haukukosa mipaka.

Katika hali hiyo ndipo kitabu cha Gulliver kilipochapishwa London, tarehe 28 Oktoba 1726. Kina safari nne: kwa vijitu vya Lilliput, kwa majitu ya Brobdingnag, kwenye kisiwa cha Laputa kinachoelea angani kwa nguvu ya sumaku, na hatimaye katika nchi ya farasi wenye akili. Safari ya tatu ndiyo inayowafanya wahakiki wengi wamhesabu Swift miongoni mwa watangulizi wa bunilizi za kisayansi. Humo mna wasomi wanaojaribu kukamua miale ya jua kutoka kwenye matango, na wanajimu wanaodai kuwa sayari ya Mirihi ina miezi miwili. Miezi hiyo iligunduliwa mwaka 1877, miaka 151 baadaye. Kicheko, hata hivyo, ni ganda tu. Kiini ni tashtiti juu ya watawala, wasomi na kiburi cha binadamu.

Uhawilishaji wa kitabu hiki ulianza siku ile ile kilipotoka. Mchapishaji Benjamin Motte, kwa kuiogopa serikali, alipunguza makali ya sehemu kadhaa bila idhini. Toleo la Dublin la mwaka 1735 lilirekebisha mengi, lakini kisa cha mji ulioasi dhidi ya kisiwa cha angani, ambao ni istiari ya wazi ya Dublin, hakikuchapishwa hadi mwaka 1899. Nchini Ufaransa, Kasisi Desfontaines alikitafsiri mwaka 1727 huku akibadilisha yale aliyoona hayawafai wasomaji wake.

Filamu nazo zilifuata njia tofauti. Katuni ya Marekani ya mwaka 1939, iliyotengenezwa na studio ya ndugu Fleischer, ilichukua Lilliput peke yake. Katika kitabu, Lilliput na jirani yake hupigana kwa sababu ya upande wa kuvunjia yai, nayo ni kejeli juu ya vita vya madhehebu. Katika katuni, ugomvi ni juu ya wimbo wa harusi. Kicheko kimebaki, shabaha imetoweka. Miaka minne kabla yake, Aleksandr Ptushko wa Urusi ya Kisovieti alitumia vikaragosi kuigeuza Lilliput kuwa nchi ya wafanyakazi wanaowaasi mabwana. Aliongeza mambo ambayo Swift hakuyaandika, lakini aliihifadhi hasira yake. Filamu ya televisheni ya mwaka 1996, iliyoigizwa na Ted Danson, ilithubutu kuonyesha safari zote nne. Ile ya mwaka 2010 ya Jack Black ilirudi kwenye mzaha mtupu.

Kwa Kiswahili, Frederick Johnson alichapisha Safari za Gulliver mwaka 1932. Johnson alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, na tafsiri zake zilikuwa sehemu ya juhudi za kuwapatia wanafunzi vitabu vya kusoma. Hapa pana kinaya kikubwa. Mwishoni mwa safari ya nne, Gulliver anaeleza jinsi koloni linavyoanzishwa: maharamia hufika nchi ya watu, hupokewa kwa ukarimu, huua wenyeji kadhaa, huipa nchi jina jipya na kuitwaa kwa niaba ya mfalme. Kitabu chenye maneno hayo kiliingia katika lugha yetu kupitia mikono ya afisa wa dola la kikoloni. Mwanafunzi anayeshika toleo lolote la Gulliver, refu au fupi, na atafute aya hiyo kwanza. Kuwapo au kutokuwapo kwake kutamweleza mengi kuhusu mhawilishaji.

Mrithi mkubwa wa Swift katika Kiswahili, hata hivyo, huenda si tafsiri. Wahakiki kadhaa wameilinganisha Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, na kazi ya Swift. Kusadikika nayo ni nchi iliyo angani. Wajumbe wake sita husafiri pande zote, hurudi na maarifa, na malipo yao huwa kifungo. Gulliver hurudi nyumbani asiweze kuwavumilia watu wake. Wajumbe wa Kusadikika hurudi wakavumiliwa na wachache. Shaaban Robert hakuhamisha matukio, alihamisha ujasiri wa kumsema mtawala kwa mafumbo.

Stella alifariki mwaka 1728. Mwaka uliofuata Swift aliandika kijitabu chake kikali kuliko vyote, kinachopendekeza kwa kejeli kwamba watoto wa maskini wauzwe wawe chakula cha matajiri. Mwaka 1742 alitangazwa kuwa hawezi tena kujisimamia, na alifariki tarehe 19 Oktoba 1745. Alizikwa katika kanisa lake, karibu na Stella. Sehemu kubwa ya mali yake aliiacha ijenge hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyofunguliwa mwaka 1757.

Wachongaji wa Tabaka, hapa Kisii, huchonga vinyago vingi visivyofanana kutoka jabali moja, na hakuna anayewalaumu mradi jiwe ni lile lile. Ndivyo ilivyo kwa wahawilishaji. Wana haki ya kupunguza, kuongeza na kubadilisha umbo. Jiwe la Swift ni hasira ya mtu anayecheka ili asinyamaze. Atakayeliacha na kubeba kimo cha vijitu tu atakuwa amechonga kitu kingine. Sisi wanafunzi wa Kisii na Nyamira tunaoandaa tamthilia za jukwaani kutokana na riwaya tunapaswa kujiuliza, kabla ya kufuta mandhari yoyote, ni nani atakayefurahi mandhari hiyo ikiondoka.