Charles Smith, mlinda-goli wa ndani ya maji

Katika kila ekipe kuna mtu mmoja ambaye watu wanamkumbuka zaidi siku ya kushindwa. Ni mlinda-goli. Akizuia mipira kumi, wanasema ni kazi yake. Akiacha mmoja kupita, kiwanja kizima kinamtazama yeye tu. Leo tunataka kuwaelezea maisha ya mtu aliyefanya kazi ile, lakini si kwenye majani kama sisi. Yeye aliifanya ndani ya maji, na aliifanya mpaka umri ambao watu wengi wako tayari na wajukuu.

Jina lake ni Charles Sydney Smith. Alizaliwa tarehe 26 Januari 1879 huko Worthington, karibu na mji wa Wigan, katika jimbo la Lancashire, Uingereza. Ile inchi ya Lancashire ilikuwa inchi ya kazi ngumu: watu wengi walichimba makaa chini ya udongo, wengine walifanya kazi katika viwanda vya pamba. Ndiko mlinda-goli wetu alikotoka.

Kwanza tueleze huo mchezo, maana wengi kati yetu hatujauona. Unaitwa water polo, ni kusema mpira wa majini. Ekipe moja ina watu 7 ndani ya maji. Wachezaji wanaogelea, wanapashana mpira kwa mkono, na wanautupa katika goli. Kila mchezaji anashika mpira kwa mkono mmoja tu. Mlinda-goli peke yake ana ruhusa ya kutumia mikono yote miwili. Wale wanaokaa karibu na ziwa wanajua namna ilivyo taabu kukaa wima mahali miguu haigusi mchanga. Sasa mlinda-goli anakaa hivyo mechi nzima, anapiga maji kwa miguu bila kupumzika, na mpira ukija lazima ajirushe juu mpaka kifua kitoke majini. Tena ile myaka mpira ulikuwa wa ngozi. Ukilowa, unakuwa mzito, na ukikupiga usoni unausikia kweli.

Mwaka wa 1908 Michezo ya Olimpiki ilifanyika London. Smith alikuwa na myaka 29. Pisini yenyewe ilichimbwa katikati ya kiwanja kikubwa, ikiwa na urefu wa metre 100. Kwa sababu ekipe zingine zilijitoa, Waingereza walicheza mechi moja tu, nayo ilikuwa ya mwisho. Walishinda Wabelgiji 9 kwa 2, na Smith akapata medali yake ya kwanza ya zahabu.

Myaka minne kisha, mwaka wa 1912, walikwenda Stockholm, katika inchi ya Uswidi. Siku ya kufungua michezo, Smith ndiye alichaguliwa kubeba bendera ya Uingereza mbele ya wenzake wote. Fikirini kidogo: kulikuwa wakimbiaji wenye sifa na waogeleaji wenye majina, lakini bendera ilipewa mlinda-goli. Safari hii Wabelgiji hawakuwa rahisi. Ilibidi kuongeza dakika, ndipo Waingereza wakapita kwa 7 kwa 5. Kisha walishinda Uswidi 6 kwa 3, na mwisho Austria 8 kwa 0. Katika ile mechi ya mwisho hakuna hata mpira mmoja uliompita Smith.

Halafu vita ikakuja. Michezo ya 1916 haikufanyika. Isaac Bentham, mwenzake wa ekipe ya 1912, naye mtoto wa Wigan, aliuawa vitani huko Ufaransa mwaka wa 1917. Vita ilipokwisha, Smith alikuwa na myaka 39. Ni umri ambao mchezaji anatundika nguo zake, na hakuna mtu angemlaumu. Lakini yeye alirudi majini.

Mwaka wa 1920 Olimpiki ilifanyika Anvers, ule mji wa Ubelgiji ambao wazee wetu waliusikia sana juu ya mashua kubwa zilizotoka kule kuja Matadi. Smith alikuwa na myaka 41. Maji yalikuwa baridi sana, maana walichezea mahali pa shimo la zamani lililozunguka ngome ya mji. Waingereza walishinda Hispania 9 kwa 0, kisha Marekani 7 kwa 2. Mechi ya mwisho ikawakutanisha tena na Wabelgiji, safari hii nyumbani kwao, mbele ya watu wao.

Wabelgiji walikuwa wamengojea myaka 12 kulipisha ile deni ya London. Mechi ilikuwa kali, magoli 2 kwa 2, na dakika zilibaki chache. Ndipo Paul Radmilovic, aliyecheza na Smith tangu 1908, akaingiza goli la tatu. Sasa kazi yote ikawa ya kulinda. Smith alifunga mlango wake mpaka mwisho: 3 kwa 2. Watazamaji wakakasirika mno, wakawarukia Waingereza, hata ikalazimu askari wenye silaha kuwazunguka ili watoke salama. Smith alitoka pale na medali yake ya tatu ya zahabu. Katika mchezo huu hakuna mtu mwenye umri mkubwa kumpita yeye aliyepata zahabu ya Olimpiki.

Je, alisimama hapo? Hapana. Mwaka wa 1924 alikwenda Paris, akiwa na myaka 45. Katika mechi ya kwanza kabisa, Hungaria iliwashinda 7 kwa 6, kisha dakika za kuongezwa, na safari ikaishia pale. Zahabu ikachukuliwa na Wafaransa. Tangu ile ya 1920, Uingereza haijapata tena medali ya Olimpiki katika mpira wa majini.

Charles Smith alikufa tarehe 6 Aprili 1951, akiwa na myaka 72. Mwaka wa 1981, ni kusema myaka 30 kisha kufa kwake, jina lake liliandikwa katika Nyumba ya Sifa ya waogeleaji wa dunia.

Wengine watasema ilifaa aache 1920, pale juu, na zahabu mkononi. Sisi tunaona namna ingine. Mtu anayecheza juu ya sifa tu anaogopa siku ya kushindwa. Smith alijua kwamba siku moja mpira utampita, na hata hivyo aliingia majini. Basi Jumamosi, mlinda-goli wetu akiacha mpira kupita, tusimzomee. Tuhesabu kwanza ile aliyoizuia.