Tom Mboya, Mtoto wa Shule ya Misheni

Wengi wetu tunamjua Tom Mboya kwa sanamu yake pale Moi Avenue, Nairobi. Katika jubilei hii tumependa kumkumbuka angali mtoto, kwani alilelewa na shule za misheni kama wengi wetu humu kwayani.

Alizaliwa mwaka wa 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo. Baba yake, Leonardus Ndiege kutoka Rusinga, alikuwa nyapara shambani humo. Alipofika miaka tisa hivi alipelekwa shule ya misheni ya Kabaa, Ukambani. Daftari hazikuwepo, wala sleti. Watoto waliandika mchangani kwa kidole. (Wanaolalamika kwamba nakala za nyimbo hazitoshi, mmesikia!)

Baadaye alisoma St. Mary's Yala, kisha Mang'u. Mtihani alipita, ila karo ya kuendelea ilikosekana, na wadogo zake nao walingoja zamu. Masomo ya sekondari yakakatikia hapo, akaenda kujifunza ukaguzi wa afya Nairobi.

Tunaamini karo ile haikumtoka moyoni. Mwaka wa 1959 ndege ya kwanza aliyoipigania ilipeleka wanafunzi 81 kwenye vyuo vya Marekani. Mwaka uliofuata alisafiri msichana aliyesoma St. Cecilia's Mathari (naam, Sesilia wetu, msimamizi wa waimbaji) na Loreto Limuru: ndiye Wangari Maathai.

Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Amezikwa Rusinga.