Ronald Fisher: Vikombe 8 vya chai vilivyofungua njia ya kupima anachopenda mteja

Miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, Ronald Fisher alimpa mwenzake wa kazini, Muriel Bristol, kikombe cha chai. Mama huyo, mtaalamu wa mwani, akakataa. Alitaka maziwa yatangulie, na eti akionja tu anajua kipi kilimiminwa kwanza.

Wengi wangecheka yaishe. Fisher aliona hapo kuna kitu cha kupima, na mwaka 1935 akaeleza namna yake kwenye kitabu The Design of Experiments. Vikombe 8: vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza, mpangilio unaamuliwa kwa bahati nasibu. Anayebahatisha ana nafasi 1 tu kati ya 70 ya kupatia vyote. Vingekuwa 6, nafasi ni 1 kati ya 20, rahisi mno kuotea.

Fisher alizaliwa London mwaka 1890. Macho yake yalikuwa mabovu, jeshi likamkataa Vita Kuu ya Kwanza, akaenda kufundisha shule. Rothamsted walimchukua 1919 achambue rekodi za mavuno za miaka mingi. Huko ndiko alikopinga mtindo wa kujaribu kitu kimoja kimoja. Jaribu kadhaa kwa pamoja, alisisitiza, ila upange vizuri.

Leo kampuni zinatumia hesabu hiyo hiyo kwa wateja. Chukua sabuni: bei mbili, harufu mbili, saizi mbili. Hiyo ni michanganyiko 8, na kila jibu linaeleza bei, harufu na saizi kwa mpigo. Waliomfuata Fisher walipunguza zaidi: ukichagua kwa akili, 4 inaweza kutosha, mradi vitu hivyo haviathiriani sana. Mteja hachoki, na pesa za utafiti zinaokolewa.

Ila msimamo wake ulimponza. Miaka ya 1950 madaktari walipohusisha sigara na saratani ya mapafu, Fisher alibisha: hakuna aliyegawiwa uvutaji kwa bahati nasibu, basi huenda sababu ni nyingine. Mwenyewe alivuta kiko, na alikuwa mshauri wa watengenezaji wa sigara.

Alifariki Adelaide, Australia, Julai 1962, akiwa na miaka 72. Januari 1964, ripoti ya mkuu wa afya ya umma wa Marekani ikatamka kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu kwa wanaume.