Kapteni Joubert na Majina ya Ng'ambo ya Ziwa



Anayesimama ufukoni Karema na kutazama magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anaitazama nchi ya Watabwa, huko Kongo. Karibu mkabala wa Karema ipo Mpala. Kusini yake upo mji wa Moba, ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Baudouinville. Kila tunapoyafuatilia majina haya katika historia ya Kanisa, tunakutana na mlei mmoja, Kapteni Joubert.

Léopold-Louis Joubert alizaliwa mwaka 1842 huko Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa. Akiwa kijana alijiunga na wanajeshi wa kujitolea waliomtetea Papa Pio IX. Alipigana Castelfidardo mwaka 1860 na Mentana mwaka 1867. Mwaka 1870 Roma ilitekwa, na askari wa Papa wakabaki bila kazi. Ndipo Kardinali Lavigerie alipotafuta walei wenye ujuzi wa silaha ili wawalinde Mapadre Weupe na watu wao dhidi ya wawindaji wa watumwa. Joubert alikuja mara ya kwanza mwaka 1880, akarudi kwao, kisha akaja tena. Mwaka 1887 alifika Mpala. Hakuiona tena Ulaya.

Mpala ni jina la mtu. Alikuwa chifu wa hapo, aliyechanjiana udugu na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883 na kumruhusu ajenge ngome. Chifu mwingine, Lusinga, mwenye nguvu na mfanyabiashara wa watumwa, hakupatana na Storms. Mwaka 1884 watu wa Storms walimuua, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Tunalitaja kwa sababu ngome waliyokabidhiwa wamisionari mwaka 1885 ilikuwa tayari na historia ya damu. Haikujengwa na mikono mitakatifu.

Joubert alioa hapo mwaka 1888. Mkewe, Agnes Atakao, alikuwa binti wa nchi ile, na ndoa ilifungwa kanisani mbele ya watu wote, jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati ule hawakulifanya. Baadaye alijenga kituo chake mwenyewe mahali palipoitwa Mrumbi, akakiweka chini ya Mtakatifu Ludoviko. (Louis ndiye Ludoviko wa kalenda yetu, kwa hiyo kapteni alikuwa na somo wake pale.) Waliokimbia utumwa walipata hifadhi kwake. Aliwafundisha katekisimu, akawatibu wagonjwa, akaamua mashauri, na walipovamiwa akashika bunduki. Kwa miaka kadhaa watu wa Rumaliza wa Ujiji walimbana sana, hata akabaki karibu bila risasi, mpaka Kapteni Jacques alipofika mwaka 1891 na msafara wa Wabelgiji.

Sisi tunaosoma falsafa tumebishana sana juu yake. Je, mlei anayepigana kwa ajili ya misioni anaulinda uhai au anaichanganya Injili na utawala? Kwa maoni yetu, mama aliyeponyokea Mrumbi na mtoto mgongoni hakuwa na nafasi ya swali hilo. Hata hivyo utawala wa kikoloni uliingia kwa mlango uleule, na ulikuja na majina yake.

Jacques alianzisha kituo kaskazini, kikaitwa Albertville kwa heshima ya mwanamfalme Albert. Mwaka 1893 Padre Victor Roelens, aliyekuja kuwa askofu, alianzisha Baudouinville, kwa jina la Baudouin, kaka yake Albert, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Baudouin hakuwahi kuliona ziwa hili. Leo Albertville ni Kalemie na Baudouinville ni Moba. Mpala ni Mpala hadi leo.

Ni Baudouinville hiyohiyo alikopadrishwa Stefano Kaoze mwaka 1917, padre wa kwanza Mkongo wa nyakati hizo, aliyesoma seminari Mpala. Joubert alikuwa hai, mzee tayari. Ugonjwa wa malale ulikuwa umewahamisha kutoka Mrumbi, na macho yake yalikuja kuzima kabisa. Alifariki tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 85.

Mwanawe Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, alikuwa padre. Novemba 28, 1964, wakati wa uasi, aliuawa huko Fizi kwa risasi, naye hakuwa na silaha. Tarehe 18 Agosti 2024, Uvira, alitangazwa mwenye heri pamoja na Wasaveri watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin. Wasifu wake unapotaja mahali alipozaliwa, unalitumia bado jina la kituo cha baba yake: Mtakatifu Ludoviko wa Mrumbi.