Leakey na kongamano lililomrejeshea heshima

MNAMO Januari 1947, Ulaya ikiwa ingali inajikwamua kutoka vifusi vya Vita vya Pili vya Dunia, wanasayansi wapatao 60 kutoka nchi na makoloni 26 waliwasili jijini Nairobi kuhudhuria mkutano ambao mfano wake haukuwa umewahi kuonekana barani Afrika. Lilikuwa Kongamano la kwanza la Afrika Nzima kuhusu Historia ya Kale, yaani ile iliyotangulia maandishi. Mwenyekiti wake alikuwa kasisi Mfaransa Henri Breuil, bingwa wa michoro ya mapangoni. Lakini aliyeubuni mkutano huo, akauandalia ratiba na kuwabembeleza wakuu wa serikali wauunge mkono, ni katibu wake, Louis Seymour Bazett Leakey.

Kwa Leakey, mengi yalitegemea siku hizo chache. Miaka 12 awali jina lake lilikuwa limetiwa doa ambalo katika ulimwengu wa usomi ni vigumu kulifuta.

Alizaliwa Kabete mnamo Agosti 7, 1903, mwana wa wamishonari wa Kanisa la Kianglikana. Alikua akicheza na watoto wa Agikuyu, akakimudu Gikuyu kama lugha ya mama na kupitishwa jandoni pamoja na vijana wa rika lake. Huko Cambridge alisomea akiolojia na anthropolojia, na kuanzia 1926 akawa akirejea Kenya kuongoza misafara ya uchimbuzi katika Bonde la Ufa. Mnamo 1929 alisafiri kwa gari kutoka Kenya hadi Johannesburg, kwenye barabara ambazo nyingi hazikustahili kuitwa barabara, ili ahudhurie mkutano wa wanasayansi wa Uingereza. Hakuwa mtu wa kuogopa mwendo.

Doa lilitoka Kanam na Kanjera, karibu na Ziwa Victoria. Leakey alidai kwamba mifupa ya binadamu aliyoipata huko ilikuwa ya kale kupindukia. Mtaalamu wa jiolojia, Percy Boswell, alipokuja kujionea mwenyewe, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa mifupa hiyo ilipotoka. Vyuma alivyovipigilia ardhini kuwa alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji waliovihitaji kwa kazi zao, na picha aliyokuwa ameitegemea ikadhihirika kuwa ya mahali pengine. Mwaka wa 1935 Boswell aliyachapisha hayo katika jarida la Nature, na milango mingi ikafungwa. Mwaka uliofuata ndoa yake ya kwanza ilivunjika, akamwoa Mary Nicol, mchoraji na mwanaakiolojia. Matumaini ya kazi ya kudumu Cambridge yakazimika.

Wakati wa vita aliitumikia idara ya ujasusi ya polisi nchini Kenya, huku akiendelea kuchimbua kila alipopata nafasi. Mwaka wa 1945 aliajiriwa rasmi kusimamia Makavazi ya Coryndon, ambayo leo ni Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kazi hiyo ilimpa ofisi na sauti mbele ya serikali. Ni yeye aliyeyafungua makavazi hayo kwa watu wa rangi zote, katika jiji ambalo mahoteli yake makubwa hayakumpokea Mwafrika kama mgeni.

Wazo la kongamano lilitokana na kero ambayo kila mtafiti wa Afrika aliifahamu. Bara lilikuwa limegawanywa baina ya Waingereza, Wafaransa, Wabelgiji na Wareno, na utafiti ukagawanyika vivyo hivyo. Shoka la mawe lililookotwa Algeria lilipewa jina moja, jingine lililofanana nalo likapewa jina tofauti Rhodesia ya Kaskazini, na wenye kuyaokota hawakuwa wamewahi kuketi meza moja. Leakey alishikilia kwamba wasipokutana, na wakutane Afrika kwenyewe wala si London au Paris, historia ya kale ya bara hili ingeendelea kuandikwa vipande vipande.

Mpango wake ulikuwa na busara ambayo waandalizi wengi wa mikutano huisahau: wageni hawakuletwa kuketi ukumbini tu. Walipelekwa Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, ambako Leakey na mkewe walikuwa wamegundua mamia ya mashoka ya mawe mnamo 1942. Hapo Mary alikuwa ameacha zana pale pale zilipolala, na kukajengwa vijia vya mbao vilivyoinuka ili mgeni azitazame bila kuzikanyaga. Walionyeshwa pia Kariandusi na Hyrax Hill. Mtu aliyeaibishwa kwa kushindwa kuonyesha mahali pa ushahidi sasa aliwaonyesha wenzake ushahidi ukiwa bado ardhini, na ni vigumu kuamini kwamba hilo halikuwa akilini mwake.

Ukumbini nako kulizuka jambo zito. Mtaalamu wa anatomia kutoka Oxford, Wilfrid Le Gros Clark, alikuwa ametoka Afrika Kusini kuyachunguza mafuvu ya australopithecus. Aliwaambia wajumbe kwamba viumbe hao walihusiana na ukoo wa binadamu, wala si sokwe wa kawaida. Raymond Dart alikuwa ameyasema hayo tangu 1925 na kupuuzwa kwa zaidi ya miaka 20.

Si kila kilichoafikiwa kilidumu. Kongamano lilikubali mpangilio wa vipindi vya mvua nyingi vya kale, baadhi vikipewa majina ya Kikenya kama Kamasian na Kanjeran, uwe kalenda ya Afrika Mashariki. Kufikia miaka ya 1960 wanajiolojia walikuwa wameuonyesha udhaifu wake, ukaachwa. Tena, wengi wa wajumbe walikuwa Wazungu. Waafrika waliozibeba kazi hizo mabegani, kama Heslon Mukiri, aliyefanya kazi na Leakey tangu ujanani, hawakuhesabiwa miongoni mwa wasomi.

Faida kwa Leakey ilikuwa ya haraka. Le Gros Clark alisaidia kutafuta fedha Uingereza kwa ajili ya msafara wa kisiwa cha Rusinga, na huko mnamo Oktoba 1948 Mary akapata fuvu la Proconsul, lililotangazwa duniani kote.

Kongamano la pili lilitarajiwa kufanyika Afrika Kusini, lakini chama cha Nationalist kilipochukua madaraka mnamo 1948, mwaliko uliondolewa. Wajumbe wakaenda Algiers mwaka wa 1952, kisha Livingstone mnamo 1955. Kwa la nne, Agosti 1959, Leakey alifika Leopoldville akiwa na fuvu la Zinjanthropus, ambalo mkewe alikuwa ameliona Olduvai mwezi uliotangulia. Hapakuwa na jukwaa bora zaidi la kulionyesha.

Maisha yake hayakukosa madoa mengine. Katika kesi ya Kapenguria dhidi ya Jomo Kenyatta na wenzake, alikuwa mkalimani wa mahakama hadi mawakili wa utetezi walipopinga tafsiri zake, akajiondoa. Vitabu vyake kuhusu Mau Mau vilimweka upande wa serikali ya kikoloni, na Agikuyu wengi aliokua nao hawakulisahau hilo.

Alifariki London mnamo Oktoba 1, 1972, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake. Kongamano alilolianzisha lilirudi Nairobi mwaka wa 1977, na mnamo 2022 likafanyika Zanzibar. Mwaka huo huo wa 1977 ndipo kilipochapishwa, kwa mabuku matatu, kitabu chake kuhusu Agikuyu wa kusini, ambacho alikuwa amekiandika kabla ya vita na kukosa mchapishaji aliyekubali urefu wake.