Seyyid Hamud bin Muhammad na Mikataba ya Mashamba ya Karafuu



Ndugu zangu wasomaji, sisi Waislamu wa Uganda tunajivunia kwamba dini ilitufikia kupitia wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar, waliofika Buganda tangu enzi ya Kabaka Suna. Lakini misafara ile ile ilirudi pwani na pembe za ndovu, na pia na watu. Kwa hiyo habari ya watumwa wa Zanzibar na jinsi walivyoachwa huru inatuhusu na sisi. Katika toleo hili nimemchagua mtawala aliyetia saini amri ya kufuta utumwa katika visiwa vile, Seyyid Hamud bin Muhammad.

Alizaliwa mwaka 1853. Babu yake ni Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja na kuhimiza upandaji wa mikarafuu. Mashamba hayo ya Unguja na Pemba ndiyo yaliyotaka mikono mingi, na mikono hiyo ilitoka bara: Wayao, Wanyasa, Wamanyema na wengineo.

Hamud alipata kiti kwa njia nzito. Tarehe 25 Agosti 1896 Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zao zikalipiga kasri mizinga kwa muda usiofika saa nzima. Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, na siku hiyo hiyo Hamud akatawazwa. Mtawala aliyewekwa namna hiyo hana nafasi kubwa ya kukataa anachoombwa, na tukimhukumu tukumbuke hilo.

Tarehe 6 Aprili 1897 alitoa amri yake. Utangulizi wake unakumbusha kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alisifu sana kuwaacha watumwa huru. Unataja pia kwamba mashamba yamepungukiwa na watu, na kwamba wenye mashamba wanakopa kwa riba, jambo lililoharamishwa. Dini na karafuu zimekaa katika karatasi moja.

Tutazame amri yenyewe ilivyofanya kazi. Haikumwacha huru mtu yeyote palepale. Ilifuta hadhi ya utumwa mbele ya sheria, na mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba. Bwana aliyethibitisha haki yake alilipwa fidia na serikali. Masuria waliachwa nje. Hao walisubiri hadi mwaka 1909, katika utawala wa Ali, mtoto wa Hamud. Na aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe mahali anapoishi na riziki anayoitegemea, la sivyo ahesabiwe mzururaji.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililozaa mikataba. Mtu aliyeachwa huru hakuwa na ardhi. Nyumba aliyolala na kiunga alichopanda muhogo vilikuwa mali ya bwana wake wa jana. Basi wengi walifunga mapatano na wenye mashamba: mtu akae, alime chakula chake, na badala yake alifanyie kazi shamba la tajiri siku kadhaa kwa wiki, mara nyingi siku tatu. Kabla ya hapo desturi ilikuwa siku tano. Siku mbili zilizopungua si kidogo kwa mtu aliyezihesabu kwa jembe. Lakini upande mmoja wa mapatano ulikuwa na ardhi, na upande wa pili ulikuwa na hofu ya kuitwa mzururaji.

Mimi ninasoma Masomo ya Kiislamu, na nilipofika kwenye mlango wa mukataba katika fiqhi nilisimama hapa kwa muda mrefu. Mukataba ni mapatano ya mtumwa na bwana wake ya kujikomboa kwa malipo ya awamu. Aya ya 33 ya Surat an-Nur inawaamuru waumini wawaandikie watumwa wanaoomba wakionekana kuwa na kheri, kisha inawaamuru wawape katika mali ya Mwenyezi Mungu. Na katika mafungu manane ya zaka, fungu moja ni la kukomboa watu. Mali inakwenda kwa anayetoka utumwani, ili asimame kwa miguu yake. Mwaka 1897 hazina ilifunguliwa pia, ila fedha zilikwenda kwa bwana.

Walioachwa huru hawakukaa kimya. Wengi walipuuza siku za kupalilia, wakahama shamba hili kwenda lile kutafuta masharti nafuu, na msimu wa karafuu wakachuma kwa ujira. Wengine waliona cheti cha mahakama hakitoshi, wakataka bwana mwenyewe awaache huru kisheria. Na wapo mabwana walioacha watu wao kwa ajili ya thawabu tu.

Malkia Victoria alimtunuku Hamud nishani mwaka 1898. Alifariki tarehe 18 Julai 1902, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tunapoulizwa chuoni kuhusu Uislamu na utumwa, tumezoea kujibu haraka kwamba dini yetu ilihimiza kuwaacha watumwa huru. Ni kweli, na amri ya Hamud yenyewe ilisema hivyo. Naona tunapaswa kuongeza swali la pili, na tujiulize sisi wenyewe kwanza: aliyeachwa huru alipewa nini mkononi? Wengi wetu tukihitimu tutaajiri mfanyakazi wa nyumbani au vibarua wa shamba, na tutaandikiana nao mapatano. Anayesaini kwa sababu hana pa kulala hajaridhika, hata kama jina lake lipo kwenye karatasi. Haki yake tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.